Jembe la mti, mti gani? Kisa cha kijiji cha Toro, Japani

Kuna kijiji cha zamani Japani kinaitwa Toro, kipo Shizuoka upande wa mto Abe, na watu wake walikuwa wanalima mpunga kama miaka 1,900 hivi iliyopita, kipindi ambacho Wajapani wa leo wanakiita Yayoi. Hawa jamaa mti mmoja walijaliwa kwelikweli, unaitwa sugi, wengine kwa Kiswahili wanauita mwerezi wa Kijapani. Ukichimba pale unakutana na sugi, ukigeuka sugi, kingo za majaruba sugi, mtumbwi sugi, ghala sugi, hadi zile ndala za mbao za kutembelea topeni nazo sugi. Ila ukifika kwenye jembe lenyewe, kile kipande kinachoingia udongoni, sugi hamna. Hapo wanabadilisha mti kabisa wanaenda kwenye kashi, jamii ya mwaloni usiopukutisha majani, mzito, mgumu, kuuangusha na kuuchonga ni adhabu. Sasa mtu mwenye mbao laini za kumwaga mlangoni kwake anaenda kujitesa na kashi kwa nini?

Jibu la haraka kila mtu analo, kashi ni mgumu, basi tumemaliza. Na mimi nilianzia hapohapo. Ila nikikaa na kisa hiki naona jibu hilo ni nusu tu, tena nusu ile nyepesi.

Kwanza tuelewane tunaongelea jembe gani. Jembe la kwetu tunalolijua, bamba ni chuma, mti ni mpini tu, ukivunjika unachonga mwingine jioni unaendelea na maisha. Jembe la Toro bamba lenyewe ni mti. Ubao mpana una tundu katikati, mpini unapita kwenye tundu, na huo ubao ndio unapiga tope, mizizi na mawe siku nzima. Kwa hiyo swali la mti gani kwao lilikuwa swali la kula au kutokula, halikuwa la mapambo.

Historia kidogo. Mwaka 1943, vita imepamba moto, palikuwa panajengwa kiwanda cha propela za ndege, wakichota udongo mbao za kale zikaanza kutoka. Walichungulia kidogo wakaacha, uchimbaji wa maana ukaja 1947 hadi 1950, nchi ina njaa, imeshindwa vita, na wanafunzi wanashinda kwenye matope wakifukua majaruba ya watu wa kale. Jumuiya ya wanaakiolojia wa Japani yenyewe ilizaliwa 1948 kutokana na kazi hiyo. Zilitoka nyumba 12, ghala 2 za miguu mirefu, na majaruba ya hekta kadhaa ambayo kingo zake zimezuiliwa kwa mbao za sugi zilizogongomewa wima mojamoja, huku na huku, maelfu kwa maelfu. Kijiji kilizikwa na mafuriko. Kwao balaa, kwetu bahati, manake mbao ikizama kwenye tope lenye maji lisilopitisha hewa haiozi kirahisi. Inatoka imelegea kama mkate uliolowekwa chai, ukiiacha ikauke inajikunja inapotea, ila umbo lipo na chembechembe za ndani zipo.

Na hizo chembechembe ndizo zinatoa ushahidi. Mtaalamu anachukua wembe anakata vipande vyembamba mno kwa pande tatu, kimoja cha kukingama, kimoja cha kufuata njia ya kutoka moyoni kwenda gomeni, kimoja cha kufuata pete, anaweka kwenye hadubini. Kashi unajulikana kwa sababu vile vitundu vyake vya kupitishia maji vimejipanga foleni kuelekea gomeni. Kuna mwaloni mwingine unaitwa kunugi, huu unapukutisha majani, wenyewe vitundu vyake vikubwa vinajipanga duara mwanzo wa kila pete ya mwaka. Sugi ndio usiseme, ni wa jamii ya misonobari, hauna vitundu hivyo kabisa. Kitu kimoja tu, hadubini mara nyingi inaishia kwenye ukoo. Kashi zipo za aina kadhaa, akagashi, shirakashi, ichiigashi, na kwa ndani zinafanana kama mapacha, ndio maana ripoti nyingi zinaandika kundi zima badala ya mti mmoja.

Haya, turudi kwenye ugumu. Sugi ikikauka sentimita moja ya ujazo ina uzito wa kama gramu 0.38, akagashi inakaribia 0.87. Yaani zaidi ya mara mbili. Jembe la sugi ungelipiga kwenye tope lenye changarawe wiki moja ncha ishakuwa brashi. Hilo halina ubishi. Lakini Japani ina miti migumu mingi tu na hawakuichukua ovyo ovyo, walishikilia kashi kuanzia Kyushu, kisiwa cha kusini-magharibi, hadi pwani ya Shizuoka na kuendelea, karne na karne, vijiji ambavyo vingine wala havikujuana. Ukiona watu wanang'ang'ania hivyo ujue kuna kingine zaidi ya ugumu.

Hicho kingine mimi nakiona kwenye namna mti ulivyopasuliwa.

Msumeno wa kupasulia mbao hawakuwa nao, ule msumeno mkubwa wa watu wawili Japani umekuja kutumika zama za Muromachi, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Kwa hiyo ubao uliupata kwa kabari. Unaangusha gogo, unagonga kabari kwenye kichwa chake, linapasuka nusu, unagonga tena linapasuka robo, tena na tena mpaka unapata vipande kama vya chungwa lililomenywa. Wajapani wenyewe wanaita hivyohivyo, kupasua kichungwa, mikan-wari. Kila kipande ni chembamba upande wa moyo na kinene upande wa gome. Ule upana wa kipande, kutoka moyoni kwenda gomeni, ndio unakuwa upana wa jembe.

Sasa kashi ina kitu ambacho ukikiona hukisahau. Ndani yake kuna miale mipana inatoka moyoni kwenda gomeni kama spoku za baiskeli. Miti yote inayo, ila ya kashi ni mipana hadi unaiona kwa macho, inang'aa kama mistari ya shaba. Spoku hizo ndizo zinafanya gogo likubali kupasuka kichungwa vizuri, kabari inafuata njia iliyopo. Halafu angalia ubao ukishatoka, spoku zimelala zimekatiza upana wa jembe kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Jembe la mti linakufaje? Linapasuka kwa urefu, ufa unaanzia kwenye tundu la mpini unashuka na nyuzi hadi chini. Ili ufa huo upite inabidi ukate spoku zote zilizolala kwa upana, ni kama kitambaa kilichopigwa mshono wa kukingama. Tena mbao iliyopasuliwa hivi ikikauka haisinyai sana kwa upana wala haijipindi kama ile iliyokatwa kwa kufuata pete, na moyo wa mti, sehemu korofi inayopasuka yenyewe, unakuwa umeshatupwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini kashi nitakwambia kwa sababu ndio mti ambao kabari inaupasua upande uleule ambao jembe linautaka. Njia rahisi ya kuutengeneza ndio hiyohiyo inayolifanya lidumu. Sugi nayo inapasuka vizuri ajabu, imenyooka kama rula, ndio maana kingo za majaruba ni za sugi, ila ni laini. Mti mwingine ni mgumu ila nyuzi zake zimesukwa hovyo, kabari inakwama. Wenye vyote viwili sio wengi.

Ila bei yake ipo, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu. Jembe pana linataka ubao wa sentimita 20 na kitu. Ubao wa kichungwa hauwezi kuzidi nusu ya unene wa gogo, toa moyo, toa gome, toa na ile mbao changa ya pembeni inayoliwa na wadudu, hesabu inakupeleka kwenye mti wenye kipenyo cha sentimita 60 na kuendelea. Kashi ya unene huo sio ya kuotea kwenye ua, ni mzee wa msitu. Kwa hiyo kila jembe pana unaloliona makumbusho lina mti mkubwa nyuma yake ambao mtu alitembea akautafuta, akaugonga gonga, akaukubali. Na mti ukishaanguka hupati jembe moja, unapata mengi, ndio maana mafundi walikuwa wanachonga ubao mrefu mmoja wenye majembe mawili, matatu, hata manne yameungana kichwa na mguu kama mandazi ambayo hayajatenganishwa, wanaacha nundu katikati ya kila moja pale ambapo tundu la mpini litatobolewa, kisha mwishoni ndio wanayakata moja moja. Hiyo nundu nayo sio urembo, tundu linadhoofisha ubao kwa hiyo unaacha nyama zaidi kulizunguka.

Halafu suala la muda. Kashi mbichi inachongeka, kashi kavu inakula shoka. Mwanzoni mwa Yayoi kazi hii ilifanywa kwa mawe, mashoka mazito ya kuangushia mti na tezo za mawe za kusawazisha, kuna kilima Fukuoka kinaitwa Imayama kilikuwa kama kiwanda cha mashoka ya basalti, yakisambaa kaskazini mwa Kyushu. Wakati wa Toro chuma kilikuwa kimeshaingia, alama za mikato kwenye mbao zinaonyesha hivyo, ila chuma au jawe kashi iliyokauka haina huruma kwa yeyote. Wakafanyaje? Wakaziloweka. Maeneo mengi ya Yayoi majembe ambayo hayajamalizwa yamekutwa kwenye mashimo ya maji na mitaro, mfano mzuri ni Karako-Kagi huko Nara, ambako mwaka 1936 na 1937 mwanaakiolojia Suenaga Masao na wenzake walichimba kwenye bwawa lililokuwa linachotwa udongo wa kujengea barabara, zikatoka zana za mbao kibao. Ukiloweka mti haukauki ghafla, haupasuki, na unabaki unachongeka hadi siku utakayopata nafasi. Kwa mkulima hii ni akili kubwa, unaangusha mti msimu ambao shamba limelala, unapasua, unachonga nusu, unatupa majini, jembe likivunjika katikati ya msimu unavua lingine kama samaki.

Sasa niweke kesi ya kunipinga mwenyewe, manake nadharia yangu ya spoku isije ikawa imependeza tu. Ukienda kaskazini na bara, bonde la Nagano, kanda za ndani za Kanto, uwanda wa Sendai, kashi inapungua au haipo kabisa, baridi inaikataa. Huko majembe yametengenezwa kwa kunugi, ule mwaloni unaopukutisha majani. Na ukivuka bahari kwenda Korea, ambako kilimo cha mpunga cha majaruba kilipitia kabla ya kuingia Kyushu, zana za mbao za pale Sinchang-dong, Gwangju, nazo ziko upande huo wa kunugi. Kunugi ni mzito vilevile, na una spoku pana vilevile. Unapasuka kichungwa vilevile! Tatizo lake ukikauka unapasuka pasuka na kujipinda kuliko kashi. Kwa hiyo kwangu hii inatia nguvu hoja badala ya kuivunja, watu walifika mahali kashi haipo, hawakurukia mti wowote mgumu, walienda kwa ndugu yake mwenye mwili wa aina ileile. Na waliokuja Kyushu na ujuzi kutoka Korea wakakuta kashi msituni wakauelewa, huyu ni yuleyule tuliyemzoea ila ametulia zaidi. Wazo lilisafiri, mti ukabadilika.

Na wenyeji nao hawakuwa wageni wa miti, hili watu hulisahau, wanadhani kilimo ndicho kilileta akili ya kuchagua mbao. Torihama huko Fukui, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, enzi za Jomon, kabla ya majaruba, mipini ya mashoka ya mawe walikuwa wanachonga kwa mti unaitwa yuzuriha, sio mgumu kuliko yote ila haupasuki kirahisi ukipigwa pigwa, pinde wakachonga kwa mti mwingine unaonesa vizuri, mitumbwi kwa sugi. Kila kazi na mti wake. Na kashi yenyewe walikuwa wanaijua kupitia tumboni, kokwa za ichiigashi zinalika bila ule usumbufu wa kuondoa uchungu, kule Higashimyo mkoa wa Saga vimetoka vikapu vya miaka kama 8,000 vilivyokuwa vinatumika kuhifadhia kokwa hizo. Kwa hiyo mkulima wa kwanza wa Kyushu alipoinua shoka kukata ichiigashi alikuwa anakata mti uliowalisha babu zake. Sijui kama alisita. Mimi ningesita.

Mpini wa jembe nao ni kesi yake. Kuna majembe ambayo bamba halina tundu, linafungwa kwa kamba kwenye mpini uliopinda kama goti. Goti hilo hawakulichonga kwa kukata mbao, walitafuta mahali tawi linapotoka kwenye shina, shina linakuwa mguu na tawi linakuwa mshikio, nyuzi zinapinda zenyewe bila kukatwa. Sakaki ndio ilipendwa sana hapo, mti wa saizi ya kati ambao leo Wajapani wanauweka kwenye madhabahu za Kishinto. Hapa hutafuti mti mnene, unatembea unaangalia pembe. Fundi wa Yayoi msituni nadhani alikuwa anaona majembe yamening'inia tayari.

Na zile ndala za topeni kwa nini sugi? Kwa sababu ndala haipigi kitu, inaelea. Unataka ubao mwepesi, mpana, unaopasuka haraka, usizame na usichoke mguu. Kashi miguuni ungekuwa umejifunga jiwe. Vitu vya jaruba lilelile, mkulima yuleyule, siku ileile, mkononi kashi, mguuni sugi.

Kuna jambo lingine linanichekesha. Nihon Shoki, kile kitabu cha kale cha mwaka 720, kina hadithi ya mungu Susanoo anang'oa nywele za mwili wake zinageuka miti, ndevu zinakuwa sugi, za kifuani hinoki, za makalioni maki, nyusi zinakuwa mkafuri. Halafu anagawa kazi, sugi na mkafuri ni za vyombo vya majini, hinoki ya kujengea majumba ya fahari, maki ya majeneza. Na cha ajabu akiolojia inamuunga mkono, majeneza ya kale upande wa Nara na Osaka kweli ni ya kōyamaki, ndio maki hiyohiyo. Ila soma tena orodha. Jembe liko wapi? Kashi haimo. Mti uliolisha nchi nzima kwa karne hakuna hata unywele mmoja ulioutoa. Wanaoandika vitabu vya ikulu wanajua mti wa ikulu, mti wa meli na mti wa kaburi la mkubwa, mti wa mkulima tunaujua kwa sababu ya matope na wembe.

Baadaye chuma kilizidi kushuka kwa mkulima. Upande wa kaskazini mwa Kyushu walianza kuvalisha jembe kipande cha chuma kilichokunjwa mwishoni mwa Yayoi, na karne ya 5 ikaja ncha ya chuma ya umbo la U kutoka Korea, inavaa ukingo wote wa bamba la mti kama kiatu. Ukishakuwa na kiatu mzigo unahama, ncha hailiwi tena haraka, ule ugumu niliosema ni nusu nyepesi ya jibu unabebwa na chuma. Na bado bamba waliendelea kuchonga kwa mwaloni, chuma au si chuma, manake kinachoshika kiatu na mpini pamoja ni ubao usiopasuka.

Kuna zana moja kati ya hizi ambayo huwa naifikiria kuliko majembe yote mazima, nayo ni ule ubao ambao haujamalizwa. Majembe mawili bado yameungana, nundu zimeshatoka, matundu hayajatobolewa, mtu ameyaweka majini ayarudie. Hakurudi.